Kisabo cha Maziwa Hadi Bihambwe

"Ile si gari tena, Evode! Iko kitanda ya zamani yenye magurudumu, na weye unataka kuivalisha viatu vya harusi!"

"Papa Damien, unasema tu. Ata haujaziangalia vizuri."

"Nimeziangalia. Ziko na rangi ya bluu sawa bonbon ya watoto ya kulamba. Nani alikuambia gari inatembea juu ya bonbon?"

Hapo ndipo nilipoacha kupima chumvi. Mimi ni Kaswera, mtu wa Butembo, na huu ni mwaka wa kumi na tisa ninaendesha duka hapa Karuba. Mbele ya duka kuna benchi langu, na benchi hilo halijawahi kulala tupu. Sijawahi pia kubaki ndani wakati ugomvi uko barabarani. Nilitoka na chumvi mkononi.

Katikati ya barabara kulikuwa na katoni iliyopasuliwa, na ndani yake amortisere nne mpya, zile nguzo za chuma zinazoshikilia gari juu ya magurudumu na kumeza mashimo. Evode alizitoa Goma. Zilikuwa za bei nafuu, na maandishi ya kwenye katoni hakuna aliyeweza kuyasoma, ata Jules fundi. Lakini zilikuwa za kuregle, za kurekebisha upendavyo. Kichwani mwa kila moja palikuwa na kifungo: unazungusha, kinalia tik, inakuwa laini, unazungusha tena upande mwingine, inakuwa ngumu. Chini palikuwa na pete kubwa ya kupandisha gari ao kulishusha. Evode alikuwa ameuza mtamba wake mzuri kwa ajili ya vitu hivyo, na gari lenyewe lilikuwa na umri wa kuoa.

"Jules, sema ukweli," mzee Damien, mwenye ng'ombe wengi hapa Karuba, akamgeukia fundi. "Ungekuwa weye, ungenunua?"

Jules alijifunza ufundi kule Walikale, kwenye matope ya kufika magotini, na hana mazoea ya kumbembeleza mtu. Akafuta mikono kwenye suruali. "Kwa ile ng'ombe ningeleta zile za kawaida, mupya, na mipira yote ya chini. Ingekuwa imeisha. Lakini mutu anapenda kifungo."

Watu wakacheka. Evode hakucheka. Aliangalia ng'ambo ya barabara, kwenye mlango wa nyumba yake, na sisi sote tukajua anaangalia nini.

Mama Evode alikuwa amekaa pale kwenye kiti chake, kama kila siku. Ni miaka mitatu tangu alipoteleza kwenye shamba la viazi na nyonga ikavunjika. Iliunga vibaya. Tangu siku hiyo anakaa mlangoni akiangalia milima ya upande wa Bihambwe, na ukungu ukiifunika anaendelea kuiangalia tu, kana kwamba yeye anaiona. Kule Bihambwe yuko dada yake, Nyiraneza. Miezi miwili kabla, Nyiraneza alituma neno kwa mchuuzi wa jibini: macho yananifunga, aje nimuone kabla hayajafunga kabisa.

Basi ndiyo hiyo. Pikipiki haiwezekani kwa nyonga ile. Kipoyi, machela ya kubebwa na vijana wanne, alikataa mwenyewe. "Kipoyi iko ya mwenye anaenda hospitali ao kaburini," alisema. "Miye naenda kutembea." Na gari la Evode walilijaribu mara moja. Lilifika kona ya pili, mama akapiga kelele ambayo niliisikia mpaka jikoni kwangu, wakamrudisha, akalala wiki tatu bila kugeuka.

"Sawa," Damien akasema, na sauti yake ikashuka. "Tusipigane bure. Muchukue kisabo, muweke maziwa ya kuganda, nusu. Mutembee nayo mpaka Kona ya Majiwe na kurudi. Ikirudi maziwa, nitanyamaza. Ikirudi siagi, mama asipande mu ile gari."

Kisabo ni kile kibuyu cha kusukia maziwa. Hapa kwetu kila mwanamke anajua ni mitikiso mingapi inatoa siagi.

Kutoka ng'ambo, Mama Evode akasema, "Njo vile. Nimekubali."

Ikawa imekwisha. Lakini wazee wawili kwenye benchi langu waliangaliana, halafu wakaangalia miguu yao. Na mimi nilijua kwa nini, maana aliniambia Victorine, marehemu mke wa Damien, hapahapa, tukimenya maharagi, akicheka mpaka machozi. Miaka arobaini na kitu iliyopita, kijana Damien alibeba kisabo cha maziwa begani kutoka Karuba mpaka Bihambwe, zawadi kwa baba yake Nyiraneza, kwa sababu alimtaka Nyiraneza. Alikuwa na haraka. Alikimbia kwenye miteremko. Alipofika wakamimina mbele ya wageni wote, yakatoka maji meupe na mabonge ya siagi. Kaka zake msichana walicheka mpaka wakakaa chini. Damien akarudi siku ileile, na ng'ombe wake wote waliouzwa Bihambwe baada ya hapo walipelekwa na watu wengine.

Jules alifunga zile amortisere kwa siku moja na nusu. Evode alimsimamia kichwani. "Pandisha. Pandisha tena. Mpaka mwisho." Kwenye barabara yetu kila mtu anataka gari la juu, kwa sababu jiwe likipiga tumbo la gari, mafuta yanabaki njiani na weye pia. Jules akapandisha mpaka pete ikakataa. Gari likasimama kama mbuzi anayetaka kufikia majani. Watoto wakapiga makofi. Vifungo vikawekwa kwenye laini kabisa.

Nilipakata kisabo mimi mwenyewe. Jambo kama lile siwezi kusubiri kusimuliwa.

Tulifika kwenye ile kona yenye majiwe makubwa kama vichwa vya ng'ombe, tukageuka, tukarudi. Niliuma ulimi mara mbili. Gari lilikuwa linaruka kama linakanyaga miiba. Tuliposimama, Mama Evode akaomba kisabo, akaingiza vidole, akatoa bonge la siagi ya manjano, akaliweka mdomoni.

"Nzuri," akasema. "Imeiva."

Halafu akageuza uso upande wa milima. Evode akakaa chini, kwenye vumbi, na koti lake la Jumapili.

Tulimngojea Damien acheke. Hakucheka. Alisimama na fimbo yake akiangalia ile siagi.

Jules peke yake ndiye aliyeinama chini ya gari. Akatoka na matope kwenye nyusi. "Evode, ulibana resori, hii springi, ndiyo upate urefu. Resori yenye imebanwa iko na nafasi wapi ya kumeza shimo? Hizi za bei ndogo hazikupi vyote viwili. Uchague: juu, ao laini."

"Nikiishusha, Kona ya Majiwe itaikata tumbo."

"Njo vile."

"Sasa na vifungo?"

"Vya mbele vinafanya kazi." Jules akafungua kofre, buti ya gari, akazungusha kimoja cha nyuma. Kikazunguka, kikazunguka, bila tik ata moja. "Hivi vya nyuma viko pambo."

Watu walitaka kucheka, lakini mama alikuwa pale. Jules akashusha gari. Akaenda nyumbani kwake, akarudi na mipira ya chini, ile midogo ya kwenye viungo vya gari, aliyoitoa kwenye gari lililofia Walikale, akaifunga mahali pa ile iliyooza, na hakudai kitu. Kabla jua halijaingia, gari lilikuwa limekaa chini kama kuku juu ya mayai. Nililisukuma kwa nyonga yangu, na mimi si mwepesi. Likainama taratibu, likarudi taratibu, likatulia.

"Ni laini," Evode akasema. "Lakini haitapita kwa Kona ya Majiwe."

"Itapita," Jules akajibu, "kama majiwe haiko."

Damien akajifunika koti lake akaondoka bila kuaga.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vizingiti. Barabara ilikuwa imetulia wiki kadhaa, bila milio ya bunduki, malori yanapita, na Mama Evode alisema kama si leo basi tena. Tulimweka nyuma, mito mitatu huku na mitatu huku. Kisabo kipya alikipakata mwenyewe, nusu maziwa ya kuganda. "Evode," akasema, "nikisema simama, simama. Usiulize."

Nilikaa kando yake, Jules mbele. Duka nililifunga. Mara ya kwanza baada ya Pasaka.

Sijui niseme vipi ile safari. Hapakuwa na milima. Palikuwa na weupe tu, na sisi ndani yake, na gari likishuka na kupanda polepole kama linapumua. Wakati mwingine ng'ombe alijitokeza karibu na kioo, macho makubwa yenye maji, halafu akarudi alikotoka. Tulisikia mtu akiimba mahali fulani juu yetu, pengine ni mtu wa kwenda kuchimba viazi, pengine si hivyo. Mama Evode alifumba macho. Alianza kuwasalimia watu. Alimsalimia baba yake, akamwambia mabeseni ya maziwa yako wapi. Alimgombeza Nyiraneza kwa sababu ya kitambaa kilichopotea wakati wote wawili walikuwa bado hawana matiti.

"Mama, uko na maumivu?" nikamuuliza.

"Niko mu mugongo ya mama yangu," akasema. "Nyamaza, utaniamusha."

Halafu gari likasimama. Evode alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, ameinamisha kichwa mbele.

"Ni hapa," akasema. "Kona ya Majiwe."

Tukaangalia. Majiwe hayakuwapo.

Barabara ililala mbele yetu, ya kahawia, laini, yenye unyevu. Mashimo yalikuwa yamejazwa udongo na majani, yakapigwapigwa kwa mgongo wa jembe. Majiwe yote yalikuwa kando, yamepangwa kama ukuta wa zizi. Juu ya ukuta huo, ndani ya ukungu, alikuwa amekaa mtu mwenye jembe magotini na matope mpaka mapajani. Kando yake wachungaji wake wawili walikuwa wakila muhogo.

"Muko munachelewa," Damien akasema. "Tuko hapa tangu jogoo ya kwanza."

Evode alishuka. Akaukanyaga ule udongo kwa kisigino. Akasema, "Papa Damien, panda."

"Siendi Bihambwe."

"Papa, uko umeloa mpaka..."

"Nimesema siendi. Mupite, muangalie kama gari inagusa."

Mama Evode akagonga kioo, nikakishusha. "Damien," akasema, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeomba jirani moto. "Kuja ushike hii kisabo. Mikono yangu imechoka."

Damien aliangalia kisabo. Ng'ombe mmoja alikohoa mahali fulani ndani ya ukungu. Kisha akampa mchungaji jembe, akajipangusa matope kwa majani, akaingia nyuma na kunibana mlangoni. Alikipokea kwa mikono miwili.

Gari likapita pale bila kugusa. Tulisikia tu majani chini, shiii.

Kutoka hapo mpaka Bihambwe, Damien ndiye aliyekishika. Kila shimo lilipokuja alikiinua kisabo kidogo, na gari liliposhuka mikono yake ilishuka baadaye kidogo, kwa upole, na macho yake yalikuwa barabarani zaidi kuliko ya Evode. Mara mbili Mama Evode alisema simama. Tulisimama. Tulingoja maumivu yapite, tukiangalia ukungu ukifunguka juu ya mashamba ya maharagi, halafu akasema haya, na tukaenda.

Nyiraneza alikuwa mlangoni kwake, amevaa kitenge cha misa. Macho yake yalikuwa na weupe mwepesi kama maji ya mchele. Evode na Jules walimtoa mama garini kwa miguu yake mwenyewe, hatua kwa hatua, na wale wanawake wawili wakashikana nyuso. Nyiraneza alimsogeza dada yake kwenye mwanga, karibu, karibu zaidi, mpaka pua zikagusana.

"Nakuona," akasema. "Umezeeka vibaya."

"Weye ndio mubaya," Mama Evode akamjibu, na wakaanza kulia wakicheka.

Mimi nilirudi kwenye gari kutafuta kitambaa changu. Jules alikuwa amepiga magoti akipapasa amortisere za mbele. "Sasa?" nikamuuliza. "Zilistahili ng'ombe?"

"Hapana," akasema. "Za mbele, kama matope haitazikula, zitafika mwaka. Za nyuma, mwezi wa sita nitaweka za kawaida." Akainuka. "Lakini usimuambie Evode leo."

Damien alikuwa upande wa pili wa gari, amegeuzia nyumba mgongo, kisabo kifuani, akiangalia gurudumu kana kwamba limemwita.

"Nani mwenye amesimama kule?" Nyiraneza akauliza. Aliona kivuli tu.

Mama Evode akajipangusa mashavu. "Damien wa Karuba."

Kuku akapita kati yetu.

"Ameleta nini?"

"Maziwa."

Nyiraneza akanyoosha mkono. Nilikichukua kisabo kutoka mikononi mwa Damien, nikampelekea pamoja na kikombe. Alimimina mwenyewe, ameinamisha sikio. Yalitoka mazito, ya upole, bila bonge. Juu yake palikuwa na vitone vitatu vya manjano, vidogo kama mbegu za nyanya. Mimi niliviona. Sikusema, na mnajua vile mimi ninavyosema.

Akanywa. Akalamba mdomo wa juu, akanywa tena mpaka mwisho.

"Damien!" akaita, na Damien akageuka. "Viazi vimeiva, na maharagi iko ku moto tangu asubuhi. Ingia tukule. Inama kidogo, mulango iko mufupi."