Aseme Alama

Pale kwenye mashini ya mpunga ya Bwegera, kitu kilichookotwa hakikuonyeshwa ovyo. Mlinzi wa lango, Mzee Onesphore, alikificha ndani ya koti lake mpaka asubuhi. Akina mama wakiwa bado wanakaza vikwembe kabla ya kushika nyungo, yeye alipanda juu ya gunia na kuita:

"Nimeokota kitana! Iko ya nani? Aseme alama!"

Mara nyingi kitu kilikuwa cha Candide, mmoja wa wapepetaji.

"Iko yangu, Papa Onesphore. Meno mbili zilivunjika, moja ilibaki ndani ya nywele za mukamwana wangu siku ya ndoa yake."

"Yoo, Mama Candide! Weye siku moja utasahau na kichwa yako hapa!"

"Mutaitambua tu. Iko na mvi upande mumoja."

Wakacheka hadi mapumba yakaruka. Kicheko kile Candide alikibeba mpaka nyumbani, kama mtu aliyeomba moto kwa jirani, maana kwake hapakuwa na mtu. Wanawe wawili walivuka mto Ruzizi wakati wa vita, wakabaki Burundi na wake zao. Mumewe Damien alizikwa kule juu, Lemera. Chungu alichopikia sasa kilikuwa kidogo hata mwiko ulikiangusha.

Ndiyo maana Candide alikuwa anasahau kwa kusudi. Leo kitana, siku nyingine fulari ya kichwani, siku nyingine sahani. Hakuna aliyeijua siri hiyo.

Basi ikatokea mwongo mmoja akasikia mlinzi anatangaza simu aliyoiokota, akabahatisha alama, akaenda nayo. Ilikuwa simu ya Josée, aliyepepeta karibu na Candide. Mkubwa wa mashini akakasirika: hakuna tena kuita. Kitu kikiokotwa kitiwe ndani ya sanduku lenye kufuli, mwenyewe aende kwa mlinzi peke yake.

Agizo lilitolewa Candide akiwa nyuma ya mashini, anamwaga mapumba; hakulisikia. Na jioni ileile akaacha kopo la Damien juu ya gunia. Hakuwahi kuliacha kabla. Lakini habari za vitu vingine alikuwa amekwisha kuzisema zote, ilibaki ya kopo hilo.

Asubuhi alikaza kikwembe polepole, masikio wazi. Hakuna aliyepanda juu ya gunia. Nyungo zikaanza kulia.

Wameiba, akawaza. Atamwambia nani, yeye wa kusahau kila siku? Mikono yake ikatupa mchele pamoja na mawe.

"Mama, uko mugonjwa?" Josée akauliza.

"Hapana, mwanangu."

Saa ya kutoka akamwendea mlinzi. "Papa, kopo yangu wameiba."

Onesphore akafungua sanduku. "Si hii? Kamata tu, mama. Kila muntu anajua iko yako."

Candide akalishika kwa mikono miwili. Barabarani sauti za wenzake zilikuwa zinapungua. Akalirudisha ndani ya sanduku.

"Uniulize alama."

"Mama, mukubwa alikataza kuita vitu."

"Alikataza kuita. Kuuliza hakukataza."

Mzee alikuwa ameshika ufunguo wa lango, baiskeli yake inangoja ukutani. Akamtazama yule mama. Kisha akaketi juu ya gunia.

"Haya. Nimeokota kopo. Alama?"

"Rangi ilibanduka pa kuweka mudomo," Candide akasema. "Damien aliinunua ku soko ya Lemera, mvua inanyesha, miye niko na mimba ya kwanza..."

Akaendelea taratibu, habari isije ikaisha upesi.