Mdomo Kwenye Kioo cha Kabati

Dada aliona wivu alipomwona mdogo wake akipokea simu, akiongea na kucheka kama watu wengine. Kwake yeye simu ilikuwa bado kelele za bati linalokokotwa.

Ugonjwa waliurithi kwa baba yao: uvimbe kwenye mshipa wa kusikia. Wote wawili walipasuliwa, uvimbe ukatolewa, masikio yakazimika. Kabla ya kuwapandikiza vifaa vya kusikia, daktari aliijaribu mishipa yao kwa umeme. Wa Dada uliitikia vizuri, akaambiwa ataelewa hata maneno. Wa mdogo wake uliitikia kwa shida. Huyo aliambiwa akisikia mlango ukigongwa ashukuru. Siku ile Dada alimpa pole nyingi, na kila pole ilikuwa tamu mdomoni mwake.

Sasa mambo yalikuwa yamepinduka, naye hakuwa tayari kuchekwa. Katika chumba cha majaribio, mtaalamu wa kusikia alifunika mdomo kwa karatasi, akawa anasoma maneno ili Dada ayarudie. Lakini Dada alikuwa bingwa wa kusoma midomo, na kioo cha kabati la pembeni kilimwonyesha mdomo mzima. Akayarudia maneno yote bila kukwama. Mtaalamu alifurahi, akasema daktari alitabiri sawasawa, kifaa kisiguswe.

Mdogo mtu, aliyekaa kwenye kona, aliyafuata macho ya Dada. Akainuka, akaenda kusimama mbele ya kabati, mikono nyuma kama mlinzi wa benki.

Neno lililofuata halikurudiwa. Wala la baada yake.

“Umeridhika?” Dada alimgeukia. “Sikio hilo lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyeahidiwa.”

“Basi lipiganie, dada yangu. Kifaa changu kimerekebishwa mpaka huyu mtaalamu akachoka kuniona. Chako unakisingizia uzima, nani atakirekebisha?”

Dada aliyasoma hayo yote mdomoni mwa mdogo wake. Hakusikia hata neno moja, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Mtaalamu aliivuta kompyuta yake aanze upya. Akauliza, taratibu, nani atakuwa akimsomea Dada maneno ya mazoezi nyumbani, huku amefunika mdomo.

Dada alinuna, akanuna tena. Kisha akamnyooshea kidole mdogo wake, bila kumtazama.