Kusini kwa Mwalimu Njura

Siku ya tatu ilimkuta fundi Nyaga juu ya ngazi ileile, na spana ileile, katika boma la Mwalimu Njura kule Kiirua. Mabega yalimuuma. Dishi lilikuwa la wavu mweusi, upana wa mita tatu, na kazi yake ilikuwa kulifungia mota ili ligeuzwe kwa rimoti: kutoka setilaiti ya mashariki, alikopata Mwalimu habari za jioni, hadi ile ya magharibi, alikopata mkewe Cicily misa.

Miaka miwili Mwalimu alikuwa akilegeza nati na kulisukuma kwa mikono, asubuhi na jioni. Mwezi uliopita mgongo ulimkamata, akaanguka chini ya nguzo. Cicily, ambaye miguu ilikuwa imekataa na hatoki kitandani, alitoa amri kupitia dirisha: mota isipofanya kazi kufikia Jumapili, dishi liuzwe. Misa ataiacha. Leo ilikuwa Jumamosi.

"Jaribu tena," Mwalimu alisema.

Nyaga akabonyeza. Mota ikanguruma, dishi likainuka kutoka mashariki, likaangalia mbinguni, likateremka upande wa pili. Kwenye televisheni ndogo waliyoiweka juu ya stuli, picha ikafa, zikabaki chenga.

"Nyinyi watu wa Embu mnatafuna majani ya muguka, ndiyo maana mikono inatetemeka."

"Afadhali muguka, Mwalimu. Miraa mnayotafuna huku ndiyo imefukuza setilaiti."

Mwalimu alicheka kidogo, akashika kiuno.

Nyaga alijua tatizo, na alilijua tangu siku ya kwanza. Chuma kinachobeba dishi lazima kilale kaskazini kwa kusini, la sivyo dishi likigeuka linapotea njia. Dira yake ilionyesha upande mmoja, lakini Mwalimu alinyoosha kidole kwenye mlima ulioonekana mbali. "Kusini ni kule. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na minne." Nyaga akaona haya kubishana na mvi. Akajiambia dira inavutwa na nguzo, akafunga boliti kuelekea mlima.

Sasa alishuka. Alienda katikati ya uwanja, mbali na vyuma, akachomeka fito wima, akaweka kokoto kwenye ncha ya kivuli. Wakangoja nusu saa. Kivuli kiliposogea, akaweka kokoto ya pili, akachora mstari kutoka moja hadi nyingine.

"Mashariki na magharibi," alisema, kisha akachora mwingine kuukata huo. Mstari wa kusini ulielekea kushoto kabisa kwa mlima.

Mwalimu alisogea, akautazama.

"Zoezi hili nililifundisha darasa la tano."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Walipima vizuri kila mwaka. Mimi nikawa nawasahihisha kwa mlima." Akafuta jasho. "Kulikuwa na mmoja, Mukiri, alibisha. Nilimchapa."

Nyaga aliokota spana.

"Fungua boliti, kijana."

Ilichukua saa mbili. Mwalimu alishikilia ngazi kwa mikono miwili bila kutoa maelekezo hata moja. Mwishowe Nyaga alirudisha televisheni chumbani kwa Cicily, akamkabidhi Mwalimu rimoti kwenye kiti nyuma ya kitanda, akatoka kwenda kusimama kando ya nguzo.

Mota ikanguruma. Dishi likainuka, likapita juu ya kichwa chake, likashuka magharibi polepole, likatulia.

"Baba Makandi!" Cicily alimwita mumewe kwa hofu, macho yake dirishani. "Nani analisukuma? Na mgongo huo!"

"Hakuna mtu. Niko hapa kwenye kiti."

Kisha sauti ya padre ikasikika ikisoma, hafifu kwanza, halafu wazi. Nyaga aliegemea ngazi.

"Lirudishe," Cicily alisema.

"Si ndiyo hii misa yako?"

"Misa nimeiona. Lirudishe, nilitazame tena likienda, na wewe umekaa."