Gundi ya Shemeji

Kindege kililazwa juu ya meza ya kukatia nguo, vipande vipande, kama kuku aliyekwisha kunyonyolewa. Mshonaji aliondoa mkasi na chaki, akavisogeza vipande karibu na dirisha apate mwanga.

Kilikuwa cha mumewe, fundi redio mstaafu, ambaye watani wa mtaa walimwita Rubani. Tangu aache kazi, kila Jumamosi alikuwa akikirusha kwa remoti kwenye uwanja wa shule. Jumamosi iliyopita kilipaa vizuri, kikazunguka mara mbili, kisha kikainamisha pua na kushuka moja kwa moja. Pu!

"Gundi ya kaka yako hiyo," Rubani alisema wiki nzima. "Ubawa umelegea angani. Seremala gani yule? Akiunda jeneza, maiti atadondoka njiani!"

Maneno hayana miguu, lakini yalimfikia seremala, naye akaacha kuja.

Lakini si ugomvi huo uliomkosesha mshonaji usingizi. Mwezi mzima alikuwa akimwona mumewe akifunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, naye hakuwa mtu wa mashoto. Na mumewe huyo alikuwa ameahidi kupanda kesho kwa ngazi yake juu ya bati la jirani, kumfungia antena. Asubuhi hiyo mumewe alipotoka kwenda kununua waya, mshonaji alimwita kaka yake.

Seremala alivaa miwani, akapapasa ubawa uliovunjika.

"Dada, tazama. Mti umevunjika pembeni ya gundi. Gundi yenyewe imeshika mpaka imebandua nyama ya mti."

Wakapima betri: imejaa. Wakafuata nyaya kwa kidole hadi mkiani: hakuna iliyokatika. Seremala akawasha remoti, akavuta kijiti cha kulia. Kibao cha mkia, kile kinachoinua pua ya ndege, kikacheza juu na chini kama sikio la mbuzi.

"Ndege haina ugonjwa," akasema.

"Basi mgonjwa nani?"

Seremala alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Tumwambie ni gundi, dada. Matusi nimeshayala, nimeshashiba."

"Na kesho akiwa juu ya bati?"

 Seremala alifungua kopo lake la gundi, akaanza kuunga mbavu za ubawa. Mshonaji akavuta kitambaa chepesi juu yake, akakipitishia pasi ya uvuguvugu mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma.

Rubani alirudi na waya uliokunjwa duara begani. Akamwona shemeji yake.

"Aa! Muuaji karudi kwa maiti."

"Nilikuja kuzika, shemeji. Nimekuta inapumua."

"Ijaribu," mkewe akasema, akimpa remoti. "Inua pua."

Rubani alikodolea macho mkia. "Nimevuta."

Kibao kilitulia.

"Si niliwaambia? Imekufa hiyo!"

Mshonaji alizunguka meza, akaweka kidole gumba chake juu ya kile cha mumewe, akavuta. Kibao kikainuka. Akaachia.

"Tena, peke yako."

"Nimevuta, mwanamke!"

"Usitazame mkia, mume wangu. Tazama kidole."

Hakukitazama upesi. Alipokitazama, kilikuwa kimekaa juu ya kijiti kama mgeni aliyesahau kuaga. Akakiamuru. Akakiamuru tena. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, kidole kimetulia vile vile.

"Tangu lini?" seremala aliuliza polepole.

"Tangu vifungo," mkewe akajibu.

Rubani aliweka remoti mezani. Akashusha waya begani, akautundika kwenye msumari, ukaanguka, akauacha.

"Shemeji, gundi yako nzima."

"Najua."

"Basi jeneza langu halitaachia njiani."

"Hebu nyamaza, wewe!" seremala alikemea.

Nyumba hiyo haikupitisha siku bila kitendawili, na mtegaji alikuwa Rubani. Sasa alikaa kwenye kigoda cha wateja, akasema kwa sauti ya chini:

"Kitendawili."

 Mkewe akasema, "Tega."

"Ndugu watano chumba kimoja. Nimemtuma yule mnene. Hakukataa, wala hakwenda."

Jibu lilikuwa mdomoni mwa mshonaji. Akalimeza.

"Limetushinda," akasema.

"Nipeni mji, basi."

"Chukua. Chukua miji yote."

Siku nyingine angeupokea mji kwa majigambo, angewatawala wote wawili mpaka wacheke, ndipo atoe jibu. Safari hii hakutawala mtu. Aliuinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaulaza juu ya meza, kando ya mkia wa ndege, waukague.

"Ngazi iko nyuma ya mlango," akamwambia shemeji yake. "Ukitoka, ondoka nayo."