Mahindi ya Mfalme

Mwanangu wa kiume alijipatia jina kwa mswada mmoja. Mswada huo unasimulia kuanguka kwa mji mkuu wa ufalme wa kale, na mwandishi wake anaapa kwamba alikuwamo ndani ya kuta siku ulipotekwa. Anasema watu wa bondeni, raia wa mfalme, ndio waliomfungulia adui lango. Mwanangu aliyaamini maneno hayo, akayatia katika kitabu chake, na kitabu kikaingia shuleni. Tangu hapo mtoto wa bondeni huitwa msaliti kabla hajajua maana ya usaliti.

Mkwe wangu, fundi saa, ni mtu wa bondeni.

"Shemeji, leo lango umelifunga?" mwanangu humwuliza kila anapokuja kula kwangu. Mkwe wangu hucheka pamoja na wengine, kwa kuwa amemwoa dada mtu.

Binti yao hakucheka hata mara moja. Alisomea historia, akapata kazi katika taasisi anayoiongoza mjomba wake, akauinamia mswada ule hadi shingo ikamkakamaa. Jumapili moja, kitabu kikiwa karibu kuchapwa upya, aliisukuma sahani yake kando.

"Mjomba, hilo toleo jipya lisimamishe kwanza."

"Haya, Sindano, choma."

"Wanajeshi wa mfalme wanakula nini kabla ya vita?"

"Mahindi. Unanipa mtihani wa darasa la nne?"

"Mahindi yalitoka ng'ambo ya bahari, mjomba. Huku yamefika karibu karne tatu baada ya mji kuanguka. Huyo mtu wako hakuwamo mjini. Hata babu ya babu yake hakuwamo."

Mwanangu aliacha kutafuna.

"Mnakili tu huyo. Alikuta mtama, akaandika zao analolijua yeye. Makosa ya kawaida."

"Mtama una gunzi?"

"Nini?"

"Wanachoma, wanatafuna, wanatupa magunzi nje ya ukuta. Adui anayaona, anajua walinzi wako wapi, anawafuata watu wa bondeni wamfungulie. Kisa kizima kimekalia magunzi! Na nimesoma barua za wafanyabiashara wa wakati ule, hata za adui mwenyewe. Hakuna anayetaja usaliti. Wote wanasema mji ulishindwa na njaa."

Mwanangu alinigeukia. "Mama, mwambie mjukuu wako kuna adabu ya mezani."

"Adabu anayo," nilisema. "Jibu swali."

Mkwe wangu alimgusa binti yake mkono. "Yaache, mama. Mimi nimeshazoea."

"Mimi sijazoea, baba."

Makala ambayo mjukuu wangu aliyapeleka katika jarida la taasisi yalirudishwa, aliambiwa hayajakomaa. Mswada ukafungiwa kabatini kwa matengenezo, na mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Nilikwenda ofisini kwa mwanangu, nikamwambia amedhulumu watu hai kwa ajili ya mwongo aliyekufa.

"Mama," alisema, bila kuniangalia, "jina langu lote limo humo. Unataka nilivue, nitembee uchi?"

"Wenzako wa bondeni umewavua lao tangu utoto."

Aliniagizia chai. Sikuinywa.

Kitabu kilitoka mwanzoni mwa muhula, naye akaniletea nakala kwa mkono wake. Niliifungua mbele yake. Wanajeshi wa mfalme sasa wanakula mtama. Magunzi hayamo, adui anawatambua walinzi kwa moshi. Watu wa bondeni wanafungua lango vilevile.

"Unaona, mama? Nilimsikiliza. Sindano alikuwa na hoja."

Tena alikuwa amemshukuru katika dibaji: mpwa wake, ambaye jicho lake kali limeondoa kasoro ya mwisho.

Mjukuu wangu aliisoma dibaji hiyo jioni, amesimama, baba yake akimtazama. Aliniuliza kama jina la mtu linaweza kuondolewa katika kitabu kilichokwisha kuchapwa.

Nilimwambia kwamba vitabu vimekwisha kufika shuleni.