Kiti cha Favour katika Kipanya cha Okech

Kiwanda cha nguo kilipopunguza wafanyakazi, Okech alichukua kiinua mgongo chake akanunua kipanya, kibasi kidogo cha Kijapani kilichokwisha tumika huko kwao mpaka kikachoka. Wenzake walisema ameukata. Kwa mwaka mmoja hivi alikuwa ameukata kweli, akisomba abiria kati ya Igoma na mjini. Kisha malaria ikampanda kichwani bintiye Favour, mwenye miaka mitatu. Ilipomtoka, iliondoka na shingo yake. Mtoto aliyekuwa akikimbiza kuku, sasa kichwa kilimlegea kama cha kichanga, na mwili ukakakamaa hata mgongoni kwa mama hakubebeka.

Hospitali ilitaka apelekwe mazoezi kila Jumatano. Mkewe, Akeyo, alimpakata garini, na mara mbili Okech aliposhika breki mtoto alimponyoka mama akagonga uso kwenye kiti cha mbele. Zeenat, mama mwenye duka ambaye Akeyo alimfulia nguo, aliposikia hayo akawapa kiti cha mtoto cha garini. Mwanawe alikuja nacho kutoka Uingereza, kikabaki stoo mjukuu alipokua. Kilikuwa na mito ya kushikilia kichwa pande zote mbili.

Siku ya Jumanne, Okech alikipeleka kwa fundi Maige, mwenye gereji palepale Igoma.

Mkanda wa kiti cha mbele garini ulikuwa mzima, lakini kila walipoukaza ulilegea wenyewe. "Huu unashika ukishtuliwa tu," Maige alisema. "Ukiuvuta taratibu unakufuata kama mbwa wa nyumbani."

Wakahamia benchi la kati, lenye mikanda ya kiunoni. Mmoja ulikuwa umeliwa na panya. Wa pili ulifika vizuri, ila kifungio chake kilikaa mwisho wa utepe mrefu, kikawa kinaangukia juu ya ukingo wa kiti cha mtoto. Ukivuta, chuma kinalalia plastiki na mkanda haukazi. Okech akakitikisa kiti. Kikacheza kama jino bovu.

"Tukifunge kwa mpira wa tyubu," Maige akasema.

"Mpira unanyumbuka, fundi. Nikishika breki atakwenda nao."

Walihangaika mpaka jua likageukia upande wa ziwa. Mwishowe Maige aliusokota ule utepe wa kifungio mara tatu, ukafupika, kifungio kikashuka chini ya ukingo. Akapanda juu ya kiti kwa magoti, akakikandamiza kwa uzito wake wote, na Okech akavuta mkanda mpaka vidole vikamchubuka. Kiti hakikutikisika tena. Maige hakutaka hata soda.

Siku ya Jumatano, Favour alikaa wima njia nzima. Macho yake yalifuata mawe ya vilimani, waendesha baiskeli, mafungu ya vitunguu kando ya barabara. Mara moja akacheka, peke yake. Akeyo alikaa kando yake na mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Hospitalini sista Teodora, mtu mzima mwenye miwani, ndiye aliyempokea mtoto.

"Shikamoo, sista," Okech alisema.

"Marahaba. Leo hajavimba uso."

Okech akamweleza habari za kiti, kwa kirefu kuliko alivyokusudia, mpaka na ule utepe uliosokotwa. Sista alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema daktari alikuwa amelipitia faili. Miezi saba ya mazoezi haikuleta kitu. Shingo haitarudi. Kifua nacho kilianza kujaa, kwa sababu mtoto hawezi kumeza sawasawa.

"Tuje Jumatano ijayo?" Akeyo aliuliza.

"Msijisumbue, mama. Kaeni naye nyumbani. Mpeni uji mwepesi, kidogo kidogo."

Okech alikikandamiza kiti kwa goti, akaukaza mkanda kama fundi alivyomfundisha, kisha akamfunga Favour upya. Wakashika njia ya Igoma.

"Kesho abiria watakaa wapi?" Akeyo akauliza.

Okech akabadilisha gia.

Alfajiri ya Alhamisi abiria sita walikuwa wanangoja mbele ya nyumba, na watatu kati yao walihitaji lile benchi lenye kiti cha Favour. Okech alibonyeza kifungio, hakikuachia. Utepe ulikuwa umejibana kwenye msokoto wake. Alikibonyeza kwa dole gumba, kwa bisibisi, kwa kiganja. Maige alikuwa amekwenda Magu msibani. Mtu mmoja akaanza kunung'unika kwamba atachelewa sokoni.

Okech akaingia ndani, akatoka na kisu cha samaki, akaukata mkanda. Aliukata polepole, maana ulikuwa mgumu. Kiti akakiweka kibarazani. Akeyo, aliyekuwa mlangoni na mtoto mapajani akimlisha uji kwa kijiko cha chai, alikitazama, kisha akamfuta Favour kidevu.

"Haya, pandeni," Okech aliwaambia abiria.