Bado Mmoja

Mwalimu wa darasa la saba alikuwa na ukaidi wake, na ukaidi wenyewe ulihusu mahudhurio. Kila asubuhi, baada ya hesabu tano za kuchangamsha bongo, alimwita mwanafunzi mmoja tu. Huyo alisimama, akasema "Nipo," kisha akamwita mwenzake kwa kutaja jambo moja analolijua juu yake. Aliyeitwa naye aliita mwingine, mpaka darasa liishe. Mwalimu mkuu alinung'unika kwamba robo saa nzima inapotea bure. Mwalimu alimsikiliza kwa adabu zote, kesho yake akaendelea vilevile.

"Majina ya vyeti nitayaandika kwenye vyeti," aliwaambia siku ya kwanza ya muhula. "Humu ndani itaneni kama mnavyoitwa na watu wanaowapenda."

Basi akapatikana Kiberiti, akapatikana Profesa, akapatikana na Twiga, ambaye kwa urefu alizidiwa na kila mtu. Binti wa nesi peke yake alisema hana jina la namna hiyo. Alidanganya. Bibi yake alimwita Mashoto tangu aliposhika kijiko kwa mara ya kwanza, akakishika kwa mkono wa kushoto. Lakini jina lile hakuwa tayari kuligawa kwa watu arobaini na mmoja asiowajua.

Mama yake alikuwa amehamishiwa hospitali ya mji huu, binti akaja naye, wakamwacha bibi nyuma. Jumapili, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, mama akipiga pasi sare mpya, walikubaliana.

"Nakupa mpaka Ijumaa, mwanangu. Ukiniambia umeshindwa, nampigia bibi yako, unarudi kwake. Sikulazimishi."

Alilisema kikawaida tu, ila kola ileile aliipiga pasi mara tatu. Binti aliona. Hakutaka hata kidogo kumwacha mama peke yake katika nyumba yenye masanduku ambayo hayajafunguliwa. Lakini kukaa mwaka mzima mahali ambapo hajulikani, hilo nalo lilimtisha.

Jumatatu waliitana wote, akabaki yeye.

"Nani hajaitwa?" mwalimu aliuliza.

Vichwa vikageuka huku na huku. "Yule wa dirishani," Twiga akasema.

Jumanne ikawa hivyohivyo. Jumatano pia. Tuseme ukweli, hakuna aliyemchukia. Wenzake walikuwa pamoja tangu darasa la kwanza na kila mmoja alijua mpaka kovu la goti la mwenzake, sasa huyu wangesema nini juu yake? Aliyekuwa na la kusema ni Kiberiti, aliyekaa naye dawati moja, na la kwake lilikuwa lilelile kutwa nzima: "Kiwiko chako!" Kila wakianza kuandika, viwiko viligongana, na Jumatano wino ukapita katikati ya ukurasa wa Kiberiti uliokuwa safi.

"Hivi wewe una shida gani na mimi?" Kiberiti alifoka.

Binti wa nesi alikunja mkono mpaka kengele ilipolia, na moyoni akawa ameshapanga atakachomwambia mama Ijumaa.

Alhamisi asubuhi tumbo likamuuma. Mama alimbonyeza.

"Hapa panauma? Na hapa? Hapa je?"

"Kote, mama."

"Basi hapaumi popote. Vaa viatu."

Alifika amechelewa. Mlango wa darasa ulikuwa wazi nusu, na ndani kuitana kulikuwa kunaelekea ukingoni. Alisimama nyuma ya mlango asubiri waishe. Leo angalau hakuna ambaye angegeuza kichwa kumtafuta. Akamsikia Profesa akimwita Kiberiti, eti mtu pekee anayegombana hata na raba. Darasa likacheka.

"Nipo," Kiberiti akasema.

"Haya, umekuwa wa mwisho," mwalimu akasema. "Kaa."

"Bado mmoja, mwalimu."

"Hajafika leo."

"Najua hajafika, dawati si letu sote? Ila hajaitwa." Kiberiti alivuta pumzi. "Leo nilihamia upande wake, nione huko nje anaangalia nini siku zote. Hakuna kitu, ukuta tu. Lakini nimefanya hesabu zote tano, na kiwiko changu huku kinaelekea dirishani, si katikati ya dawati. Ndiyo nikaelewa. Anaandika kwa kushoto, jamani! Tumekaa kinyume. Siku tatu namgombeza kwa kosa la dawati, na yeye kimya, anajikunja tu asiniguse. Vitu vyake nimeshavihamishia upande niliokuwa nakaa mimi. Sasa jina lake silijui, hakutuambia. Mimi namwita Mashoto."

Nyuma ya mlango, binti alishika ukuta. Jina lile hakuwahi kulisikia kwenye kinywa kingine zaidi ya cha bibi. Machozi yalimjia, akayafuta haraka kwa mkono uleule wa kushoto.

"Nipo!" akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia.

Darasa zima likageukia mlangoni. Akaingia, begi mgongoni, akasimama mbele yao.

"Na wewe ita," mwalimu akasema.

"Wameisha."

"Ndiyo sheria. Ita."

Akafikiri kidogo. "Mwalimu. Anaangalia saa yake kila dakika, na saa yenyewe imesimama tangu Jumatatu."

Kicheko kilichopasuka kilimtoa mwalimu mkuu ofisini. Mwalimu alitazama mkono wake, akaitikisa saa, akaiweka sikioni. Miaka yote hiyo ya kuitanisha watoto, yeye mwenyewe hakuwahi kuitwa.

"Nipo," akasema polepole.

Ijumaa jioni mama alirudi kazini, akavua viatu, akakaa kando ya masanduku. Simu alikuwa ameishika tayari.

"Haya. Nimpigie bibi?"

"Mpigie."

Mama aliinama, akatafuta namba.

"Mwambie nguo zangu zilizobaki kule azitume zote," binti akasema. "Na mwambie huku pia naitwa Mashoto."